Mikono ya Wakala

Pale ghala la mahindi, Tororo, hakuna aliyewahi kuona mikono ya wakala ikifanya kitu. Kampuni yake, yenye ofisi Busia, ndiyo iliyomwajiri Athieno na wenzake, ikawapeleka kuwafanyia kazi wenye ghala. Kila asubuhi wakala alisimama mlangoni, mikono ameichimbia mifukoni, hata kidole kisije kikaonekana kikielekeza. Athieno alipenda kumjaribu.

"Boss, hii gunia naweka wapi?"

"Uliza msimamizi wao, mama," alikuwa akijibu kwa sauti ya mtu aliye kanisani. "Mimi naajiri, kazi wanaamuru wao. Nikisema neno, ajali ikitokea inakuwa juu yangu."

Hata vumbi likimkaba, alitoka kukoholea nje.

Jana mkanda wa kupandisha magunia ulinasa shati la Ogwang, mwenzake Athieno, ukaanza kumvuta. Msimamizi alikuwa kwenye simu.

"Zima!"

Athieno akazima kabla hajajua sauti ni ya nani. Ogwang akachomoka, shati limechanika. Msimamizi akaja mbio akiuliza nani ametoa amri.

Wakala alikuwa katikati ya ghala, mkono umenyooka, kidole bado kimeelekea swichi. Akakitazama kama cha mtu mwingine.

"Mimi," akasema, wala hakukishusha.