Dawa ya Usingizi kwa Kinywa Kinachoungua

Siku yangu ya kwanza katika idara ya meno, Mkuu wa Idara alinionyesha kiti, taa na kabati la vyombo, kisha akasema, "Hapa utakutana na maumivu yasiyoonekana. Usimwambie mtu anajisingizia." Nilikuwa nimehamishwa kutoka zahanati ya Bwiza, nilikokuwa nikifunga vidonda. Vita vilikuwa vimeshaingia mjini.

Maumivu hayo niliyajua upesi. Walikuja watu wazima, wengi wanawake, ulimi ukiwaka kama wamekula pilipili, miaka nenda miaka rudi. Ukiwapima hukuti kidonda wala jino bovu. Mkuu alitaka kuwajaribia homoni ya usingizi, ile ambayo mwili hujitengenezea giza likiingia. Mfamasia alitayarisha chupa za namna mbili zinazofanana: nyingine zilikuwa na homoni, nyingine vidonge vya wanga mtupu. Orodha ya nani amepewa nini aliifunga kwenye bahasha. Mimi sikujua, mgonjwa hakujua; ndivyo dawa inavyopimwa bila upendeleo.

Mama Spesi, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kutoka mtaa wa Cibitoke, aliigeuzageuza chupa yake.

"Inalalisha?"

"Huenda."

"Basi mi siwezi, muganga. Kwetu tunalala na viatu. Risasi ikilia, tunakimbia."

Wagonjwa wetu walikuwa wachache, na wawili walikuwa wameshahama. Nikamwambia kipimo ni kidogo, hakitamzuia kuamka. Sikuwa na hakika. Alikubali kwa kuwa aliniamini.

Wiki ya tatu alikuja mumewe, Mzee Melkiori, peke yake, akaiweka chupa mezani. Mtaa wao ulikuwa umeshambuliwa. Yeye alitoka na watoto akidhani mke yuko nyuma. Asubuhi walimkuta kando ya kitanda, amekufa.

"Niambie kitu kimoja tu," alisema. "Ni hii dawa ilimuchelewesha?"

Nilimpeleka kwa Mkuu. Naye akamjibu kwa upole, "Mzee, nikifungua bahasha leo, kazi ya wagonjwa wote imeharibika. Vumilia imalizike."

Alirudi mara nne na swali lile lile, bila kupandisha sauti. Kisha akaacha kuja.

Bahasha ilipofunguliwa, tuliona kwamba waliomeza homoni walilala vizuri kidogo, lakini vinywa vyao viliendelea kuungua sawa na vya wenzao. Chupa ya Mama Spesi ilikuwa ya wanga. Nilikwenda Cibitoke siku hiyo hiyo. Nyumba haikuwa na paa. Jirani alisema mzee alivuka na watoto kwenda Congo. Wapi hasa, hakujua.

Niliendelea na kazi hadi kustaafu. Wauguzi vijana wakiniuliza, nawaambia dawa lazima zijaribiwe, ila kabla hujampa mtu ya kumlaza, muulize analala wapi. Mzee Melkiori, kama yu hai, huenda bado anaamini kidonge chetu kilimuua mkewe. Hakikumuua. Lakini Mama Spesi alinieleza anachokiogopa, nami nikamjibu kwa jambo nisilolijua.