Daftari la Taulo

Wanafunzi walimwita Mama Taulo, na jina hilo alilipata kwa jasho la wengine. Alikaa mlangoni mwa jimu ya chuo, kwenye kiti cha plastiki kilichopasuka mgongo, na kila aliyetaka kupita alisikia maneno yale yale: "Taulo iko wapi? Huna taulo, huingii. Benchi si godoro la kwenu, uliloweshe jasho kisha uondoke." Hata mkuu wa idara ya hesabu alishawahi kurudishwa nyumbani, akarudi na taulo ndogo yenye picha ya bata.

Kabla ya hapo alikuwa amefagia ngazi za chuo hicho miaka kumi na mmoja. Alipewa mlango kwa sababu moja tu: hakuna aliyewahi kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa akafanikiwa. Kazi aliipenda. Kilichomkera ni ratiba.

Kila mwanafunzi alilipia jimu, atake asitake, kwa kuwa pesa yake ilifungwa ndani ya ada tangu siku ya kujiandikisha. Kwa malipo hayo alipewa kadi ya njano, na kadi ya njano iliruhusiwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana. Saa nne hadi saa saba! Muda ambao hata mijusi wa chuo wako darasani. Jioni, vipindi vikiisha na watoto wa watu wakipata nafasi ya kunyoosha viungo, mlango ulikuwa wa kadi ya bluu tu, na kadi ya bluu ya mwezi mmoja ilimeza kodi ya chumba. Waliokuwa nayo ni watu wa maofisini, wanne watano hivi, waliokuja kujipiga picha mbele ya kioo na kuongea na simu wakiwa wamesimama juu ya mashine ya kukimbilia iliyozimwa.

"Aliyepanga saa hizi hakuwahi kuwa mwanafunzi," Mama Taulo alipenda kusema. "Alizaliwa bosi."

Basi akafanya alichoona ni haki. Jioni akaanza kujitia hamnazo. Kadi ya njano ikija saa kumi na moja, anaangalia dari, anauliza taulo, anasogeza miguu mtu apite. Mwanzoni walikuwa wawili, kisha sita, mwisho wakafika kumi na wawili. Kwenye daftari la mahudhurio, lile kubwa lenye jalada gumu ambalo meneja alilichukua kila mwisho wa mwezi, hakuwaandika. Angewaandikaje? Kuandika kadi za njano kwenye saa za bluu ni sawa na kumpelekea meneja barua ya kuacha kazi.

Ila taulo ni taulo. Kati yao hakuna aliyekuwa nayo, na sheria yake mwenyewe hakuwa tayari kuilegeza. Mumewe, fundi cherehani, alikata taulo kuukuu vipande viwili viwili na kupinda kingo kwa uzi wowote uliobaki siku hiyo, ndiyo maana kila taulo ilikuwa na rangi yake. Mama Taulo aliziazimisha, akazifua nyumbani, na kwa vile wanafunzi ni wepesi wa kusahau vya watu, akanunua daftari dogo la shule. Humo aliandika kila jioni tarehe, rangi ya uzi na jina la aliyechukua. Majina yenyewe aliwapachika yeye, kwa kuwa ya kwao hakuyajua. Uzi wa kijani, Mrefu. Uzi mweusi, Kiazi. Uzi mwekundu, Goti.

Goti alikuwa msichana wa mwaka wa pili, anasomea uuguzi. Aliteleza bafuni bwenini, goti la kushoto likapasuliwa, na mtaalamu wa viungo akamwandikia karatasi: mashine ya miguu, mara tatu kwa wiki, kwa wiki kumi na mbili. Baada ya hapo angepimwa. Angetakiwa kupanda ngazi za hospitali, ghorofa nne, bila kushikilia ukuta. Akishindwa, haanzi mafunzo ya wodini na wenzake, na asiyeanza na wenzake anarudia mwaka. Kaka yake aliyemlipia ada alishasema wazi kwamba mwaka wa ziada hana uwezo nao. Na asubuhi, kadi yake ilipokuwa halali, yeye alikuwa maabara. Siku ya kwanza alifika saa kumi na moja jioni, mguu unaburuta, akatoa karatasi ya daktari, kadi ya njano na machozi, vyote kwa mkupuo.

"Futa hayo," Mama Taulo alimwambia, akimtupia taulo ya uzi mwekundu. "Hiyo ni ya jasho, lakini leo itumie hivyo hivyo."

Wiki ya nane goti lilikuwa limeanza kukunjika kama goti la mtu. Ndipo meneja alipobandika tangazo mlangoni. Kuanzia mwezi ujao saa za wanafunzi zingefutwa kwa sababu ya mahudhurio hafifu. Mlangoni ingefungwa mashine ya kusoma kadi, na mashine hiyo ingesoma kadi za bluu tu. Wapenda mazoezi wote walikaribishwa kuzinunua.

Mama Taulo alisoma mara mbili, akapandwa na mori. Aliacha kiti chake, akaingia ofisini bila hodi.

"Bosi, mahudhurio hafifu ya nani? Watoto wamelipa tangu siku ya kwanza, leo unawaambia wanunue tena?"

Meneja alikuwa kijana wa rika la mwanawe wa pili, na alivaa viatu vya kukimbilia ambavyo havijawahi kukimbia. Hakupandisha sauti. Alifungua lile daftari kubwa, akamgeuzia.

"Mama, mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Nisomee mwezi uliopita. Kadi za njano."

Akasoma. Jumatatu, mmoja. Jumanne, hakuna. Jumatano, hakuna. Alhamisi, wawili, na alikumbuka vizuri kwamba mmoja wao alikuja kuulizia choo.

"Hayo ndiyo niliyopeleka kwenye kikao," meneja alisema. "Wakubwa wakaniuliza, kama hawaji, saa zao ni za nini? Ungekuwa wewe ungejibu nini, mama?"

Mama Taulo aliutazama tena mwandiko wake. Miezi minne aliwaficha watoto kwa mkono wake, na mkono ule ule ndio uliowafungia mlango. Alitoka amefura, na aliyemkasirisha kuliko meneja, kuliko wakubwa na kikao chao, ni yeye mwenyewe.

Jioni hiyo wanafunzi walimzunguka. Kiazi alitaka maandamano. Mrefu alitaka waandike barua, na akaanza kueleza barua hiyo ingekuwa na sehemu ngapi mpaka wenzake wakamzima. Goti alikuwa anahesabu wiki kwa vidole. Zilibaki nne.

"Mama," alisema, "si uwaambie tu kwamba huwa tunakuja jioni?"

"Niwaambie! Nikiwaambia, wewe unapata mashine ya miguu. Mimi napata nini? Fagio!"

Goti aliinamisha kichwa. "Samahani, mama."

"Samahani ya nini? Weka taulo hapo, nenda ukasome."

Nyumbani alifua taulo kumi na mbili kwa hasira, mpaka povu likaruka hadi kwenye cherehani. Mumewe alisikiliza kisa chote bila kuinua macho kwenye mshono.

"Umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe," alisema.

"Wewe shona."

Akazianika, akafungua daftari dogo aone kama zote zimerudi. Akafungua ukurasa wa nyuma yake, na wa nyuma yake tena. Miezi minne, jioni kwa jioni, kurasa zimejaa hadi pembeni. Watu wote waliokosekana kwenye daftari la meneja walikuwa humu, na tarehe zao. Mumewe alisimamisha cherehani. Alimjua mkewe vya kutosha kubaini alichokusudia.

"Ukipeleka hilo, umejipeleka mwenyewe."

"Najua kusoma," alijibu, na safari hii sauti yake haikuwa na ukali.

Asubuhi aliliweka mezani kwa meneja. Kijana alipekua kurasa chache, kisha akakunja uso.

"Kiazi ni nani? Mrefu? Huyu Mwenye Haraka ni nani? Mama, nikasimame mbele ya wakubwa nimtaje Kiazi?"

Hilo hakuwa amelifikiria hata kidogo. Yaani ajitie kitanzi kisha kamba ikatike! "Usiondoke hapo," alimwambia bosi wake, akatoka mbio.

Alirudi wakati wa mapumziko akiwa na wote kumi na wawili, kadi za njano mkononi, taulo alizowagawia tena mabegani. Walijipanga mbele ya meza. Kijana mmoja mnene, anayesomea uhandisi, alikohoa kwa heshima.

"Mimi ndiye Kiazi," alisema, akaonyesha uzi mweusi.

Meneja aling'ata mdomo asicheke. Mmoja mmoja walijitaja, naye akaandika namba ya kadi mbele ya kila jina. Wa mwisho alikunja mguu wa kushoto, akaunyoosha. "Mimi ndiye Goti. Mara ishirini na tatu. Ingekuwa ishirini na nne, siku moja niliumwa malaria."

Walipotoka, meneja alifunga daftari taratibu. "Nikipeleka hili, mama, na jina lako linakwenda."

"Lipeleke. Mwandiko si ni wangu?"

Kikao kilichukua siku tisa. Kadi za njano zilipewa muda wa saa moja na nusu kila jioni, na mashine ya mlangoni ikaambiwa izitambue. Mama Taulo alipewa barua ya onyo na fagio. Barua aliikunja akaitia kwenye kopo la vifungo vya mumewe. Kilichomnyima usingizi ni ile mashine, maana ilisoma kadi lakini haikuuliza taulo, na habari zilizomfikia zilisema benchi sasa zinateleza.

Wiki nne zilipotimia, alikuwa anapiga deki ngazi za jengo la sayansi, ghorofa nne, kuanzia chini kwenda juu. Alikuwa ndiyo kwanza amefika juu kabisa, kiuno kinamuuma, aliposikia hatua nyuma yake.

"Nani huyo? Nimepiga deki sasa hivi! Hamna macho?"

Alikuwa Goti, vitabu vimejaa mikono yote miwili, taulo ya uzi mwekundu shingoni. Alikuwa anahema.

"Samahani, mama. Kipimo ni kesho. Nilitaka nijaribu kwanza mahali ambapo..."

Mama Taulo hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaangalia nyayo kwenye sakafu mbichi, ngazi baada ya ngazi. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, zote zimekanyaga sawasawa. Hakuna mahali mguu ulipoburuta.

"Umenichafulia jengo zima," alisema. "Shuka mpaka chini. Panda tena, nikuone."