Karata za Pasaka kwa Baba Mkubwa

Mvua ya Pasaka ilitufungia barazani kwa baba mkubwa siku mbili, na mimi si mtu wa kufungiwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Jumatano nilitakiwa kuripoti chuo cha uuguzi ng'ambo ya ghuba, kwa kivuko cha Kigongo, na kila nikimwuliza mama tunanunua lini sanduku, alijibu, "Tutaona." Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa sato. Nilizunguka nyumba ile mpaka shangazi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Baba mkubwa alikuwa kaka wa marehemu baba. Zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, zilimkuta na mtumbwi mmoja, zikamwacha na magari mawili ya kubeba sangara na nyumba ya vigae nje kidogo ya Kirumba. Kila Krismasi na Pasaka aliita ndugu na wenzake wa biashara walale kwake siku tatu, na kazi ya siku hizo ilikuwa kula na kucheza. Watoto walikuwa na kombolela uani, vijana meza ya keram iliyotoka Dubai, wazee drafti la vizibo vya soda. Ndani, deki ya video ilizunguka hata kama hakuna anayetazama. Mgeni akikaa bure dakika tano, baba mkubwa alimsukumia kwenye mchezo mmojawapo kama mwalimu wa zamu. Sijaona mtu mwingine anayeogopa ukimya kiasi kile.

Mchezo mkubwa ulikuwa karata za watu wanne, wawili kwa wawili. Unachota kizibo kwenye kofia, na mwenye rangi kama yako ndiye mwenzako. Mnakaa mkitazamana, maana karata zile huchezwa kwa macho: kukonyeza ni turufu, kuvuta mdomo ni garasa tupu. Ni wizi, lakini wizi uliokubaliwa na wote.

Krismasi iliyotangulia mabingwa walikuwa mama yangu na kijana mmoja, dereva wa gari la barafu, mtoto wa rafiki wa baba mkubwa. Kijana mcheshi, mdomo haukauki. Walikonyezana siku nzima na kutufunga wote, na mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Tangu baba afariki sikuwa nimemwona akicheka hivyo, nikampenda yule kijana kwa sababu hiyo. Kumpenda, si kumtaka. Hayo ni mambo mawili.

Jumapili ya Pasaka, baada ya chakula, vizibo vikachotwa. Mama alipata cha kijani. Kijana akafungua kiganja chake: kijani. Watu wakapiga makofi, mabingwa wamerudi! Yeye alikitazama kile kizibo, kisha akakirudisha kwenye kofia.

"Mimi leo nipumzike," alisema.

"Umechoshwa na nini, pilau?" shangazi alimtania. "Kaa bwana!"

Hakukaa. Njia ya kuingia sebuleni ilipita mbele ya kiti cha mama, kwa hiyo akaruka ukingo wa baraza, akashuka kwenye mvua na kusimama chini ya mpera. Mama alijifunika kanga mpaka kwenye paji la uso, akatazama sakafu. Niliwaangalia wazee mmoja mmoja. Kila mmoja ghafla alikuwa na kitu cha kutazama ziwani.

Kwetu Usukumani mwanamume hakai uso kwa uso na mama mkwe wake. Hali chakula naye, hampi mkono, wakikutana njiani anapisha. Sembuse kumkonyeza! Na mama alikuwa na binti mmoja tu.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni.

"Posa imepokelewa lini?" niliuliza.

"Mambo ya wakubwa hayaulizwi kwenye karata," alisema baba mkubwa. "Kaa chini."

"Mama, imepokelewa lini?"

Mama hakuinua uso. Nikaenda mpaka ukingoni mwa baraza, nikamwambia yule kijana, "Kiti kiko wazi. Ukikaa ukacheza na mama, mimi si wako, na hawa wote ni mashahidi. Usipokaa, ujue unaoa mtu atakayekutoroka kila wiki."

Alisimama pale akilowa. Alimtazama baba yake, aliyekaa kati ya wazee, akamtazama baba mkubwa. Kisha akapanda ngazi, viatu vikilia maji, akavuta kiti mbele ya mama.

"Shikamoo, mama."

Mama angeweza kuinuka na kwenda jikoni, na heshima ya kila mtu ingebaki mahali pake. Nilijua hivyo, naye alijua. Akashusha kanga mabegani.

"Marahaba, mwanangu. Changanya karata."

Baba mkubwa aliingia ndani na kubamiza mlango. Wao walicheza mchezo mmoja, wakafungwa vibaya. Na mimi, mwendawazimu, nilikuwa nimenuna kwa jinsi yule kijana alivyokubali upesi kuniacha.

Kesho yake, tukingoja gari stendi ya Buzuruga, nilimwuliza mama kwa nini hakuniambia.

"Ungekataa."

"Kwani ulitaka niolewe?"

"Nilitaka tuwe na watu nyuma yetu," alisema. "Mjane na binti mmoja, nani atatuzika?"

Gari likafika, tukapanda. Jumatano nilivuka. Baba mkubwa hakumsemesha mama miaka sita, hata salamu alikuwa haitikii. Mimi nilikuwa mbali, nimevaa sare yangu nyeupe. Mama aliendelea kwenda kwenye kila msiba wa ukoo ule, akakaa mwisho wa mkeka, akarudi nyumbani peke yake.