Bi Taratibu na Moyo wa Mbwa

Pale hospitali ya wanyama hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Taratibu, kwa kuwa ndilo neno alilowanong'oneza mbwa wote waliopita mikononi mwake kabla ya upasuaji. Kazi yake ilikuwa moja, na aliifanya kwa namna yake: hakumpandisha mbwa mezani akiwa macho. Aliketi naye sakafuni, mgongo wa mbwa ukiegemea tumbo lake, kiganja chini ya kwapa la kushoto, akingoja moyo uache kukimbia. Ukitulia, alimwinulia daktari kidevu, na sindano ikaingia.

Daktari alikuwa akichunguza jinsi dawa za kutuliza zinavyouchezea moyo wa mbwa aliye usingizini. Dawa ile hupunguza mapigo. Mbwa mtulivu hutosheka na kidogo. Mwenye hofu hupambana nayo, huongezwa, kisha humshukia yote kwa mkupuo, na gesi ya usingizi ikija juu yake, moyo na shinikizo la damu huporomoka pamoja. Kwa hiyo daktari alimhitaji Bi Taratibu kama anavyohitaji glavu, na glavu haiombi uhamisho.

Yeye aliomba. Binti yake alikuwa amejifungua katika mji wenye tawi la hospitali hiyohiyo, na mjukuu alikuwa ameshaanza kutambaa bila bibi yake kumpakata hata siku moja. Kila alipoomba, alipewa sifa.

"Mama, wewe ndiye dawa yangu ya kwanza," daktari alimwambia. "Nikikuachia, nibaki na nani?"

Alizichukia sifa hizo, maana zilimfunga bila kamba. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nao walikusudia kuonya. Bi Taratibu, kwa hasira aliyokuwa nayo, aliyachukua maneno hayo kama ushauri.

Asubuhi moja mwanamke fundi cherehani alimleta mbwa wake jike, wa rangi ya kahawia, mwenye uvimbe kwenye titi. Bi Taratibu alimbeba moja kwa moja hadi mezani. Alimshika shingo kwa mikono iliyonyooka, kimya, kama mtu aliyeshika mlango usifunguke. Kucha ziliteleza juu ya bati. Mbwa aligeuza kichwa kuutafuta uso wake, naye akatazama ukutani.

Sindano ya kwanza haikufua dafu. Daktari alisubiri, akakuna kichwa, akaongeza dawa. Mbwa alilegea ghafla. Mrija ukaingia kooni, gesi ikafunguliwa, na mashine ya mapigo iliyokuwa ikilia harakaharaka ikaanza kusuasua. Fizi zikawa nyeupe.

"Shinikizo linashuka," daktari alisema, akafunga gesi na kuvuta sindano ya kumzindua. "Mama, mapigo?"

Kiganja kilikuwa kimeshafika kwapani chenyewe. Pigo moja. Kisha kimya. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa katika chumba kile, akajisikia akinong'ona, "Haraka, mwanangu, haraka. Kosa ni langu." Pigo likaja, likafuatwa na jingine, na fizi zikaanza kurudia rangi yake.

Upasuaji uliahirishwa. Alimfuata daktari kwenye sinki.

"Daktari, nilifanya makusudi. Sikumtuliza."

Daktari aliendelea kunawa. "Wewe? Umechoka tu, mama. Lakini umejionea mwenyewe: siku moja tu hukuwa sawa, nusura tumpoteze. Haya, nisisikie tena habari za uhamisho."

Fundi cherehani alikuwa akingoja kwenye benchi. Alimkumbatia Bi Taratibu, akalia begani mwake.

"Wameniambia hukubanduka ubavuni mwake," alisema. "Mungu akulipe, dada."

Bi Taratibu alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimpigapiga yule mama mgongoni, kwa sababu mikono yake haikujua kufanya jingine.

Jioni binti yake alipiga simu.

"Mama, si leo ndiyo ulikuwa uombe tena? Wamekataa?"

"Hapana."

"Wamekubali?"

Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa akigonga sahani kwa kijiko na kujichekea. Bi Taratibu alisikiliza mpaka kijiko kikaanguka.

"Sikuomba, mwanangu," alisema. "Kesho wanaletwa mbwa wengine."