Risasi Mbili Kwenye Koti

Nitawaambia, lakini mnicheke polepole, kwa sababu ile aibu bado haijanitoka, na hata leo nikisikia safari ya Lumakanda kwa wakwe zangu naanza kutafuta kisingizio kabla sijavaa viatu.

Mnajua mimi ni mtu wa duka la jumla hapa Kakamega mjini, sukari na unga, na mnajua wezi waliwahi kunilaza chini kifudifudi kati ya magunia yangu mwenyewe. Baada ya hapo niliomba leseni ya bastola, nikazungushwa ofisi hii na ile mpaka nikaipata, na nikanunua bastola ndogo ya kuingia kwa mkoba, karibu na mafuta ya kupaka na leso. Mimi nilidhani kazi imeisha. Kumbe bado kuchagua risasi, na mwenye duka aliponiuliza nataka za aina gani, nilimjibu kama mtu anayenunua pilipili: "Nipe zile kali kabisa."

Afande Mukoya, polisi mstaafu anayetufundisha kulenga shabaha, alipoziona alitikisa kichwa.

"Mama Sifa, hii yako mtutu wake ni mfupi kama kidole gumba. Risasi inatoka kabla haijashika mbio. Sasa hizi zenye shimo kichwani zimetengenezwa zifunguke zikiingia kwa mwili, lakini zikienda polepole halafu zipite kwa nguo nzito, lile shimo linajaa nyuzi, hazifunguki tena. Na wezi wa huku wanavaanga nini usiku?"

"Makoti," nikasema.

"Makoti. Na hizo kali unazotaka zitakupiga teke mpaka uogope bastola yako kuliko mwizi. Jumamosi kuja na nguo yoyote nzito, tupige tuone."

Hapo ndipo ningeenda sokoni nikanunua koti la mitumba kwa bei ya sahani ya chipsi, na leo tungekuwa tunaongea mambo mengine. Lakini mimi na ubahili wangu (Baba Sifa, mume wangu, husema nikipewa hewa ya bure nitaiweka kwa chupa) nikakumbuka kwamba kwa stoo ya nyumbani, nyuma ya mlango, kulikuwa na koti kubwa jeusi la sufu linaning'inia kwa msumari, limejaa vumbi, linanuka dawa ya nondo. Nikajiambia hilo liliachwa na mpangaji aliyekaa hapo kabla yetu. Baba Sifa alikuwa mazoezi ya kwaya. Sikuuliza mtu.

Kule uwanjani Afande alipanga mitungi ya maji, mmoja nyuma ya mwingine, akauvika wa kwanza lile koti na hata akafunga vifungo vizuri, likakaa kama mzee anayesubiri chai. Nikaanza na ile kali yangu. Weee! Moto ulitoka mbele kama wa kuchomelea vyuma, mikono ikaruka juu, kitambaa cha kichwa kikahamia shingoni. Risasi yenyewe ilipita mitungi yote ikaenda kulala kwa tuta la udongo, na tulipoichimbua ilikuwa na shimo limejaa sufu kama kiko kilichoshindiliwa tumbaku, haijafunguka hata kidogo. Halafu nikapiga ile aliyoileta Afande, ya upole, iliyotengenezwa kwa mitutu mifupi. Mkono haukuruka sana, na tulipomwaga maji tukaipata ndani ya mtungi wa nyuma, imefunguka kama ua. Nilifurahi mpaka nikapiga picha. Nikanunua hizo za upole, nikarudi nyumbani, nikaanika koti likakauka, nikalirudisha kwa msumari wake nikipanga kulikata liwe kitanda cha mbwa.

Baada ya wiki chache ikafika siku ya mahari ya Nafula, dada mdogo wa Baba Sifa. Wageni walikuwa wanatoka Butali, na sisi tulitangulia Lumakanda nyumbani kwa baba mkwe kusaidia kupika. Baba Sifa ndiye alipakia gari, mimi nilikuwa na sufuria zangu, sikuangalia amebeba nini.

Mambo ya ng'ombe yakaanza, yakakwama. Msemaji wa wageni, mtu mwembamba mwenye tai nyekundu, alikuwa mgumu kama muwa uliokauka, kila akitajiwa ng'ombe anapunguza. Manyunyu yakaanza, baridi ile ya huko mnaijua, na nikiwa natoka jikoni na sufuria ya ingokho, kuku wetu, nikamwona Baba Sifa anamsaidia baba yake kuvaa koti. Kubwa. Jeusi. La sufu.

Jameni, kumbe mzee aliliacha kwetu alipokuja kutibiwa meno, na wiki hiyo alikuwa ameagiza aletewe!

Sasa nyinyi mnajua desturi yetu, mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe, hamgusi, hata mkono hawapeani. Ningemvua hilo koti vipi? Nikaanza kumfanyia Baba Sifa ishara kwa macho na kwa kidevu, naye (mwanamume huyu!) akaelewa kwamba supu imeisha, akanijibu kwa mkono nikaongeze maji.

Mzee akasimama. "Wageni wetu," akasema, "mimi mnaniona hapa ni mtu wa amani, na nasema haya kutoka moyoni," akaweka mkono kifuani, na kidole kikazama. Akakitoa, akakiangalia, akakirudisha ndani. Akapata tundu la pili. Alipogeuka kumwuliza Baba Sifa, wanawake wote tukaona mgongo, na huko nyuma mwanga wa bitana nyeupe ulikuwa unachungulia mara mbili.

Shangazi Fridah, dada ya mzee, ndiye aliyepiga nduru: "Mayi wee! Wamempiga mzee risasi!"

Watu wakainuka, viti vikaanguka, mmoja anamshika mzee kutafuta damu, na mimi badala ya kunyamaza nikasikia sauti yangu inatoka kubwa kuliko ya Shangazi: "Si wao! Ni mimi! Mimi ndiye nilimpiga baba!"

Wote wakanigeukia.

"Namaanisha koti," nikaongeza haraka. "Nilipiga koti. Baba hakuwa ndani. Nilikuwa natafuta risasi ya kupita koti vizuri." (Naona mnashika vichwa. Baba Sifa pia alishika chake.)

Yule msemaji mwembamba akanyoosha shingo. "Na hiyo bastola, mama, iko wapi sasa?"

Ilikuwa Kakamega, kwa sefu, chini ya kufuli. Lakini kwa uoga nikajibu tu, "Iko salama," na kwa jinsi alivyoangalia aproni yangu nikajua ameelewa iko hapo karibu. Akainama kwa wenzake, wakanong'ona kidogo tu, akasimama na kurekebisha tai.

"Wazee, hata ile hesabu ya ng'ombe mliyosema mwanzo, sisi tunaona iko sawa kabisa."

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanamngoja mzee, na mimi nilikuwa bado nimeshika sufuria, maana mke wa mtoto kutoboa nguo ya baba mkwe upande wa moyo si jambo la kusema samahani ukaenda. Kuna nyumba zimevunjika kwa kidogo kuliko hicho. Mzee akatazama chini, vile desturi inavyotaka, akaniuliza akiwa mbali:

"Mke wa mwanangu, ulichagua gani?"

"Ile ya upole, baba."

"Ilipita hii koti?"

"Ilipita, baba."

"Yule muuzaji wa Eldoret aliyeniuzia aliniapia hata mvua haiwezi kupita."

Akaanza kucheka yeye kwanza, mabega yakitikisika ndani ya sufu, halafu kila mtu akafuata, isipokuwa Shangazi Fridah, aliyedai niombewe hapo hapo, na nikaombewa, nimepiga magoti kwa matope mbele ya wageni wote, kwa maombi marefu yaliyotaja bastola zaidi kuliko yalivyomtaja Mungu.

Nilimpelekea mzee koti jipya na jogoo, na nimeapa sitapiga risasi nguo yoyote, hata tambara la kupangusia meza, kabla sijazunguka nyumba nzima nikiuliza ni ya nani. Huko Lumakanda watoto wananiita Mama Risasi, hilo nimezoea. Lakini mzee lile jipya halivai. Anavaa la zamani kila matanga, na kwa wasiojua anawaeleza jinsi majambazi walivyomvamia njiani, wakampiga mara mbili kifuani, na Mungu akakataa. Wakishangaa, ananinyooshea kidole kwa mbali na kusema, "Muulizeni huyo, alikuwepo." Nami naangalia chini kwa heshima, namimina chai, nasema ni kweli, nilikuwepo.