Fundi wa Viatu vya Wagonjwa wa Ukoma

Fundi wa viatu katika hospitali ya ukoma, nje kidogo ya Machakos, husalimia miguu kwanza, nyuso husubiri. Huchokora kila kiatu kwa kidole gumba, akiguna kama mwenyekiti wa harambee aliyeahidiwa mbuzi akaletewa kuku. Jana mgonjwa mmoja, Kamene, alikataa sandali za hospitali: bintiye anaolewa Jumamosi, naye atavaa viatu vyake vyekundu, watu wasijue anaugua. Fundi akatia mkono katika kiatu alichokivua Kamene, akatoa msumari wenye damu.

“Mama, huyu abiria umembeba kutoka kwenu Kola?”

Nyayo za Kamene zilikwisha kufa ganzi. Hakuwa amehisi chochote. Akasogeza mguu upimwe.

“Basi nishonee. Lakini ziwe nyekundu.”

“Nyekundu mpaka padri asahau mahubiri.”