Kichwa Alichomnyolea Mama

Pale Nong Hin Lat, ukitaka kuchangisha pesa za jambo lolote na zisipatikane, basi hukumtafuta Duangjan. Paa la shule liliezuliwa na upepo, watu wakaenda kwake. Mgonjwa wa figo alikosa nauli ya hospitali, kwake. Hata wale waliomcheka akishawapa kisogo walikuwa wa kwanza kubisha hodi wakifikwa, naye aliwafungulia, akawakaribisha maji, akawauliza shida yao kama vile hajui walichosema juzi sokoni. Moyo wa namna hiyo mimi sina, na sidhani kama wewe unao.

Kwa miaka kumi na tisa aliongoza Umoja wa Upinde wa Mvua. Ulianza na yeye na makathoey wenzake wanne, watu waliozaliwa wavulana wakaishi kama wanawake, na spika moja ya kuazima iliyokuwa ikikoroma. Sasa ulikuwa na wanachama arobaini na kitu, wakiwemo wale wanawake wawili wenye duka la mbolea wanaoishi pamoja. Siku ya maandamano yao hata mkuu wa wilaya alipenyeza bega apate kupigwa picha.

Harambee yao kubwa ilikuwa mwezi wa pili, baada ya mavuno. Asubuhi walikwenda hekaluni wakicheza ngoma nyuma ya mti wa fedha, tawi kavu lililobanwa noti za baht mpaka likaonekana lina majani. Jioni ikaja burudani yenyewe: wanaume wenye wake zao na vitambi vyao walipakwa rangi, wakavalishwa sketi za hariri, wakashindania taji la urembo, na kila kura ikalipiwa. Duangjan alishika kipaza sauti, na akikishika hakuna aliyesalimika.

"Fundi Wicha," alisema mwaka mmoja, "toa mia mbili. Usipotoa nitamwambia mkeo ni nani aliyekufundisha kutembea na viatu hivyo." Fundi akatoa mia tano, na mkewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

Nyuma ya jukwaa, kwenye mkeka, aliketi mama yake, Khamphaeng, akikunja noti zilizoendelea kuletwa kuwa maua ya kubandikwa kwenye mti wa pili. Alianza saa nane mchana na hakuinuka mpaka zimalizike. Sketi za mtoto wake hazikuwahi kumkera. Alimfulia, akampigia pasi, akamwambia rangi ipi inamkaa na ipi inamfanya aonekane mgonjwa. Alimwita Song tu, kipande cha jina alilompa alipozaliwa, na Duangjan aliitikia, kwa sababu kinywani mwa mama yake jina hilo halikumchoma.

Lakini mama huyu alikuwa na ombi moja. Kwa watu wa Isan, upande huu wa Thailand, mtoto wa kiume hulipa maziwa aliyonyonya kwa kuvaa joho la utawa wa Kibudha, hata kwa wiki moja. Mama akifa hushika pindo la joho hilo, likampandisha mbinguni. Binti anaweza kumlisha mama yake, akamuuguza, akamzika kwa heshima zote, ila pindo hilo hana. Na Khamphaeng alikuwa na mtoto mmoja tu, baba yake alishatangulia zamani.

Kila mwaka, mvua zikikaribia, aliuliza bila kumtazama usoni, mikono ikiwa kwenye wali wa kunata. "Song, mwaka huu?"

"Mwakani, mama."

Kwa sababu joho huanza na wembe. Zinaondoka nywele zote, na nyusi pia. Duangjan alianza kuzifuga nywele zake akiwa na miaka kumi na mitano, kwa viboko vya mwalimu na matusi ya njiani, na sasa aliombwa azitoe, hata kama ni kwa siku saba.

Kisha likaja jambo la Noina. Noina alikuwa kathoey wa miaka kumi na tisa wakati huo, muuza saladi ya papai mbichi. Baba yake alileta wanaume wawili, wakamshika watatu, wakamnyoa kwa mashine mbele ya kibanda chake huku wateja wakitazama. Wiki hiyo hiyo ilikuwa harambee. Duangjan alipanda jukwaani, hakutania. Alisema katika umoja huu hakuna atakayetoa unywele wake kwa ajili ya mtu, awe mzazi, awe mtawa, awe nani. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likapanda, na Noina, na kitambaa chake kichwani, alilia kwa sauti.

Khamphaeng alikuwa pale pale nyuma, kwenye mkeka. Aliendelea kukunja noti. Tangu mwaka huo hakuuliza tena.

Duangjan alichelewa kulitambua hilo. Ulipita mwaka, ukapita wa pili, wa tatu ndipo alipokumbuka kwamba mvua zimekuja na hajaulizwa. Na tusidanganyane, alishukuru. Alidhani mama ameelewa. Hakwenda kumuuliza ameelewa nini.

Miaka mingine minane baadaye, siku nne kabla ya harambee, Khamphaeng alikuwa akichuma majani ya mrehani nyuma ya nyumba akaanguka. Jirani aliyemkuta alisema kikapu hakikumwagika. Alikuwa na miaka sabini na sita, na hakusema neno la mwisho la kukumbukwa. Alikwenda hivyo hivyo.

Harambee ikaahirishwa. Mahema yaliyokuwa ya jukwaa yakahamishiwa uani kwa Duangjan, na sufuria, na viti, na spika. Wanachama walioshona sketi za maonyesho sasa walikatakata vitunguu na kuwapikia waombolezaji. Mambo yalikwenda barabara, maana hao wanajua kuandaa shughuli. Duangjan mwenyewe alisimamia kila kitu, akawauliza wageni kama wameshiba, na hakuna aliyemwona akitokwa na chozi. Kratin, mwenye saluni, rafiki yake wa tangu ile spika ya kuazima, ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Alimfahamu. Alijua kwamba Duangjan akiwa mzima huwa anapiga kelele.

Siku ya pili ya msiba, watu wakila chakula cha mchana, mjomba Bunloet, mdogo wa marehemu, alimsogelea. Hakuwa na ubaya, alikuwa mkulima mwenye aibu, na swali lenyewe lilimtoka kwa shida. Aliuliza ni nani atakayevaa joho mbele ya moto. Ndiyo desturi: asubuhi ya kuchoma maiti mmoja wa wana au wajukuu hunyolewa, hupewa joho kwa siku hiyo moja, hulitangulia jeneza, na jioni yake hulivua joho. Kwa aliyekosa kumvalia mama yake akiwa hai, hiyo ndiyo nafasi ya mwisho.

"Mimi," akasema Duangjan.

Vijiko vilisimama. Kratin alimvuta pembeni, penye mitungi ya maji, akamkumbusha kwa ukali kidogo maneno aliyosema jukwaani na makofi yaliyopigwa. Watoto wangapi wamesimama mbele ya baba zao kwa nguvu ya maneno yale? Na Noina je, nani atamwambia?

"Nitamwambia mwenyewe," akasema Duangjan.

Alimkuta Noina akitwanga pilipili. Alikuwa na miaka thelathini sasa, nywele zinamfika kiunoni. Alisikiliza mpaka mwisho, mchi ukiwa mkononi.

"Mimi nilishikwa na watu watatu, Mama Duang. Wewe nani amekushika?"

"Hakuna." Kisha Duangjan akatikisa kichwa. "Aliniomba miaka ishirini, Noina. Halafu akanisikia siku ile, akanyamaza. Alikaa miaka kumi na moja na kiu yake, na mimi niko naye nyumba moja."

Noina akatwanga kidogo, akaacha. "Basi mimi nitashika jani," akasema.

Ni jani la yungiyungi, ndilo hupokea nywele zisianguke chini. Siku ya tatu alfajiri Noina alipiga magoti hekaluni amelifungua kwa mikono miwili. Mjomba Bunloet alikata kishungi cha kwanza, kile ambacho kwa desturi hukatwa na mama. Kilichobaki Kratin alikidai. Nywele hizi nimezipaka rangi miaka ishirini, akasema, hazitaguswa na mkono wa mtu mwingine. Akatumia wembe wake wa saluni, polepole, akipuliza mapovu. Nyusi ziliondoka kwa mapito mawili kila moja. Duangjan aliomba kioo, Kratin akamnyima.

"Una kichwa kizuri," akamwambia. "Umetuficha bure."

Duangjan akacheka, ndipo hatimaye machozi yakamtoka, siku tatu zote kwa pamoja. Upepo ulikuwa ukimpita kichwani na hakuujutia. Kwa mara ya kwanza tangu kikapu kile cha mrehani alikuwa na furaha. Alikuwa amechelewa, lakini alikuwa njiani.

Mtawa mkuu wa kutoa majoho alitoka hekalu la tarafa, mzee mwembamba mwenye miwani, hakuwa mwenyeji wa pale. Mjomba Bunloet alikuwa ameongea naye kwa simu, akamwambia kwamba anayevaa ni mtoto wa kiume wa marehemu. Hakuongeza neno. Alikuwa ameona haya, na alidhani kichwa kikishanyolewa yote yatakuwa yamekwisha. Wala Duangjan hakuliwaza. Tangu aseme "mimi" alikuwa akiziwaza nywele tu, nywele ndizo alizozipigania maisha yake yote, akadhani ndizo bei yote.

Mtawa akamtazama Duangjan, aliyejifunga shuka jeupe kifuani. Akatazama shuka lilivyoinuka. Akauliza kwa sauti ya chini kama mwili umefanyiwa upasuaji.

"Ndiyo, baba. Nikiwa na miaka ishirini na tisa."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la joho lake, muda mrefu. "Basi siwezi kukuvisha," akasema. "Sheria yetu ya mwili hainipi ruhusa."

Kratin alianza kupandisha sauti. Mjomba Bunloet alianguka chini, akashika uso, akasema kosa ni lake, wampige yeye. Duangjan aliwanyamazisha wote wawili kwa mkono, kama anavyofanya jukwaani.

"Ni siku moja, baba. Jioni nitalivua."

"Hata saa moja, mwanangu."

"Mama yangu hana mtoto mwingine."

Naamini ilimuuma mtawa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema, lakini uchungu wa mtu aliyenyolewa bure hata mgeni anaujua, maana unauona usoni na hakuna nyusi za kuuficha. Akasema lipo vazi jeupe, la wanawake. Mabinti hulivaa wakiwasindikiza wazazi wao. Hilo anaweza kumpa sasa hivi, na nalo lina thawabu yake.

Duangjan akapokea.

Kwenye maandamano ya maziko watawa hutangulia, wakiwa wameshika uzi mweupe uliofungwa jenezani. Nyuma yao huja mwana aliyenyolewa, katika rangi ya chungwa. Hapo palikuwa wazi. Mjomba Bunloet alikuwa na miaka sabini na mapafu mabovu, aliomba avishwe yeye, mtawa akaona hatafika. Kisha wakaja wanawake waliovaa nyeupe, na wanaume wakabaki ng'ambo.

Duangjan akasimama katikati, hajui aende wapi. Tangu shuleni, kwenye mistari ya asubuhi, kwenye vyoo vya stendi, kwenye mikeka ya hekalu hili hili, alikuwa ametamani aambiwe akae upande ule wa wanawake. Sikukuu zote alikuwa akikaa penye nguzo, si kwa hawa wala si kwa wale, akitania ili watu wasione kwamba hana pa kukaa.

Bibi Sai, jirani aliyemkuta Khamphaeng bustanini, alijisogeza. Wanawake wengine nao wakajisogeza, kama watu wanaompisha mwenzao.

"Njoo huku kwetu, binti," akasema Bibi Sai.

Akaenda. Akashika uzi. Kichwa chake kilikuwa kinang'aa kwa jua lote la saa nane, na wanachama wake arobaini walikuwa wamesimama kando ya ukuta wakilia, Noina amekumbatia lile jani. Mbele yake, pale alipotakiwa awepo mwana, kulikuwa na mchanga uliofagiliwa tu.

"Bibi," akauliza, "mama atafika?"

Bibi Sai alikuwa na umri sawa na marehemu, na walikuwa marafiki, na alijua fika ombi lile. Hakutaka kumdanganya.

"Sijui, binti yangu," akasema. "Tembea tu."

Ngoma ikalia, uzi ukavutwa. Wakalizunguka tanuri la kuchomea maiti mara tatu kwa upande wa kushoto, na Duangjan alitembea na wanawake mpaka mlango wa chuma ulipofunguliwa.